Uhakiki wa Ndani wa Tathmini katika Vyuo vya Ufundi: Kazi Inayoanza Kabla ya Mwanagenzi Kushika Kifaa

Mwenye nyumba mtaani Nyalenda, Kisumu, anapomwita fundi aliyehitimu hivi karibuni aje amtandazie nyaya za umeme, hana namna ya kupima ujuzi wake ila kukiamini cheti alichonacho. Nyuma ya cheti hicho pana mkufunzi aliyemtazama fundi huyo akifanya kazi, akalinganisha alichokiona na kiwango kilichowekwa, kisha akaandika uamuzi. Uamuzi huo ukiwa na kasoro, hakuna muhuri wala saini itakayourekebisha, na atakayeumia ni yule mwenye nyumba. Uhakiki wa ndani ni utaratibu ambao chuo chenyewe huutumia kuhakikisha kwamba uamuzi wa mtathmini unategemeka, na kwamba mwanagenzi aliyepimwa na mkufunzi huyu angepata jibu lilelile kama angepimwa na yule.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 kuhusu elimu na mafunzo ya ufundi iliunda TVETA, mamlaka inayosajili na kusimamia vyuo, pamoja na TVET CDACC, baraza la mitaala, tathmini na vyeti. Sheria ya mwaka 2014 ikaanzisha mfumo wa kitaifa wa sifa chini ya KNQA, mamlaka inayosimamia viwango vya vyeti nchini, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, nayo huendesha majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Katika mafunzo ya umilisi, yaani yale yanayopima kama mtu anaweza kuifanya kazi yenyewe, mwanagenzi hahukumiwi kwa karatasi moja ya mwisho. Hupimwa kitengo kwa kitengo, na sehemu kubwa ya ushahidi hukusanywa na mkufunzi wake mwenyewe muhula mzima. Watathmini na wahakiki wa nje hufika, na kazi yao ni ya lazima, lakini hawawezi kuyaona yaliyotendeka karakanani wiki baada ya wiki. Hayo ni jukumu la chuo.

Mtathmini hupima kazi ya mwanagenzi. Mhakiki wa ndani huuchunguza uamuzi wa mtathmini: je, kifaa cha kupimia kilipima kilichokusudiwa, je, ushahidi unatosha, je, wanagenzi wote walitendewa sawa? Si kazi yake kusahihisha upya kila karatasi, wala hapaswi kuhakiki tathmini aliyoifanya mwenyewe. Kanuni hii ya mwisho inaonekana nyepesi, lakini ndiyo ya kwanza kuvunjwa pale ambapo idara ina wakufunzi wachache na siku za kuwasilisha matokeo zimekaribia.

Katika vyuo vingi uhakiki umegeuzwa kuwa zoezi la mwisho wa muhula: faili zinaletwa mezani, mhakiki anatia saini ukurasa wa kwanza na wa mwisho, basi. Kwa maoni yangu, uhakiki wa namna hiyo hauna faida yoyote kwa mwanagenzi, kwa sababu unafika wakati kosa limekwisha kutendeka na wanagenzi wamekwisha kutawanyika. Sehemu yenye thamani kubwa zaidi ni ile inayofanyika kabla ya tathmini, pale ambapo mhakiki anaisoma orodha ya vigezo mstari kwa mstari na kuuliza kila mstari utatumikaje.

Tuchukue mfano wa kitengo cha utandazaji wa umeme majumbani. Orodha nyingi huwa na mstari huu: “Mwanagenzi anazingatia usalama,” na mbele yake visanduku viwili, ndiyo na la. Wakabidhi watathmini wawili orodha hiyo, wote wenye uzoefu na wote waaminifu. Wa kwanza atatazama viatu, glavu na koti, akiviona ataweka alama kwenye ndiyo. Wa pili atasubiri kuona kama mwanagenzi amezima swichi kuu, akaifunga au kuweka onyo ili mtu mwingine asiiwashe, akaijaribu testa yake mahali anapojua pana umeme, akapima nyaya anazotaka kuzishika, kisha akairudisha testa palepale pa kwanza kuthibitisha kwamba haikuharibika katikati ya kazi. Mwanagenzi aliyevaa vizuri na kufungua soketi bila kupima atafaulu kwa mtathmini wa kwanza na kukwama kwa wa pili. Hakuna aliyedanganya kati yao. Kosa liko kwenye mstari, na lilipaswa kunaswa mezani kwa mhakiki wiki kadhaa kabla.

Mstari ule hurekebishwa kwa kuugawanya katika matendo yanayoonekana na vipimo vinavyosomeka. Kwa mfano, ukinzani wa kihami cha nyaya, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje, katika sakiti za kawaida za nyumbani hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na matokeo hayapaswi kuwa chini ya megaomu 1. Kigezo kikiandikwa hivyo, mwanagenzi huandika alichokisoma kwenye kipimo, mtathmini hukiona, na mhakiki anayefika baadaye hukikuta. Mhakiki huamua pia, pamoja na idara, ni matendo yapi yasiyofidika. Mtu aliyeshika nyaya bila kuthibitisha kwamba hazina umeme hawezi kutangazwa kuwa amefikia umilisi kwa sababu tu alipata alama nyingi katika kupinda mabomba na kupanga waya kwa unadhifu.

Vigezo vikishakuwa wazi, hubaki suala la macho. Watu wawili husoma maneno yaleyale na bado wakaona tofauti, na dawa yake ni kikao cha kusawazisha. Katika uchomeleaji, kikao kinaweza kufanyika kwa saa moja: vipande vichache vya chuma vilivyoungwa na wanagenzi huwekwa mezani bila majina, na kila mtathmini huvipima peke yake, akiangalia ukubwa wa mshono, vitundu, mabaki ya gaga (ganda linalobaki juu ya mshono) yaliyoachwa bila kuondolewa, na mtaro ulioliwa pembeni mwa mshono, kisha huandika uamuzi kabla ya kusema neno. Majadiliano hufuata. Mara nyingi ugomvi huwa juu ya kipande kimoja au viwili vilivyo mpakani, na hivyo ndivyo vya kuhifadhiwa, kwa kuwa mtathmini mpya akionyeshwa vipande hivyo na sababu za uamuzi wake ataelewa kiwango upesi kuliko kwa kusoma mwongozo.

Wakati wa tathmini yenyewe, mhakiki anapaswa kuingia karakanani na kumtazama mtathmini, si mwanagenzi. Je, ametoa maelekezo yaleyale kwa kila mmoja? Je, anauliza maswali ya kuongoza, kama vile “Huoni kuna kitu umesahau?” kwa anayempenda na kunyamaza kwa mwingine? Je, muda umehesabiwa sawa kwa aliyepewa mashine nzima na kwa aliyepewa mashine inayokwamakwama?

Kuhusu sampuli nitasema kwa ufupi. Haiwezekani kuhakiki kila faili, lakini kuchukua faili za juu kwenye rundo si sampuli. Mpango huandaliwa kabla ya muhula kuanza, na uzito huwekwa penye hatari: kazi yote au karibu yote ya mtathmini mpya, kitengo kinachofundishwa kwa mara ya kwanza, wanagenzi waliorudia, walio mpakani, na darasa ambalo kila mtu amefaulu au kila mtu ameanguka. Mpango uguse kila mtathmini, kila njia ya kupima na kila mahali pa kupimia, pamoja na pale mwanagenzi anapokwenda kwa mafunzo ya kazini.

Mafunzo ya kazini yanastahili jicho kali. Daftari la kumbukumbu ambalo saini za wiki zote zimetiwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko wa mkao mmoja, haliwezi kuchukuliwa kama ushahidi wa wiki hizo. Vivyo hivyo picha za simu: picha moja ya ubao wa swichi ikipatikana katika faili za wanagenzi watatu, mhakiki huwauliza mmoja mmoja waieleze kazi hiyo hatua kwa hatua. Aliyeifanya ataeleza hata kilichomsumbua. Ushahidi lazima uwe wa mwanagenzi mwenyewe, uwe wa karibuni, utoshe, na uhusu kitengo kinachopimwa. Ukikosa sifa mojawapo, uamuzi hauwezi kusimama.

Vituo vidogo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, vina ugumu wake. Kituo kilicho mashambani Busia, Vihiga au Siaya huenda kina mkufunzi mmoja tu wa useremala na mmoja wa ushonaji, na mkufunzi wa ushonaji hawezi kuuhakiki mwungo wa mbao wa ulimi na tundu. Njia inayofaa ni vituo jirani kubadilishana wahakiki wa fani moja, kwa ratiba iliyoandikwa na kuidhinishwa na kaunti, nauli ikiwa imetengwa katika bajeti. Bila nauli, ratiba hubaki ukutani.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa fundi wa jua kali wa Kibuye anayeomba ujuzi wake wa miaka mingi utambuliwe. Huyu hana faili ya muhula. Ushahidi wake ni kazi aliyoifanya, maneno ya wateja na mafundi wenzake, na kile atakachofanya mbele ya mtathmini. Lugha isiwe kikwazo kwake. Ikiwa kinachopimwa ni uwezo wa kuunda geti lililonyooka, swali la mdomo laweza kuulizwa kwa Kiswahili au kwa lugha anayoimudu, na mhakiki aandike kwamba lilifanyika hivyo, isipokuwa pale ambapo kusoma maandishi ya Kiingereza, kama vile maonyo ya mashine, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Baada ya uhakiki, mtathmini hupewa maoni kwa maandishi: kilichofanywa vizuri, kinachopaswa kurekebishwa, nani atakirekebisha na kwa tarehe ipi. Matokeo hayatolewi hadi marekebisho hayo yathibitishwe. Mwanagenzi naye ana haki ya kuambiwa mapema vigezo atakavyopimwa navyo, kuelezwa kwa nini ameambiwa bado hajafikia umilisi, na kukata rufaa. Rufaa hiyo isikilizwe na mtu ambaye hakumpima wala hakuhakiki tathmini yake, na kipande cha kazi kinachobishaniwa kisitupwe wala kuyeyushwa hadi jibu la maandishi litakapotolewa.