Kiwango cha saratani ya mapafu katika eneo: namba inasomwaje

"Watu 3 kwa kila 100,000." Takwimu za saratani ya mapafu huandikwa hivyo, na namba ya namna hiyo haikuambii kitu mpaka ujue nani amehesabiwa, anaishi wapi, na kama umri umesawazishwa.

Kiwango cha matukio mapya huhesabu waliogundulika ndani ya mwaka mmoja. Kiwango cha ueneaji huhesabu walio hai na ugonjwa, hata waliogundulika miaka iliyopita. Kwa saratani ya mapafu viwili hivi hupishana sana, kwa kuwa wengi hugundulika wakiwa wamechelewa na hufariki mapema. Mwaka 2022 duniani waligundulika takriban watu milioni 2.5 wa saratani ya mapafu na milioni 2.3 wa matiti. Lakini ukihesabu waliokuwa hai ndani ya miaka 5 tangu kugundulika, wa mapafu walikuwa milioni 3 na ushee, wa matiti zaidi ya milioni 8. Anayetumia ueneaji kudai kwamba saratani ya mapafu ni nadra ameyaruka makaburi.

Umri ndio unaopotosha zaidi. Chukua mikoa miwili ya mfano, kila mmoja una watu milioni 1. Katika yote miwili, wenye miaka 65 na zaidi huugua 50 kwa kila 100,000, walio chini ya hapo 2 kwa kila 100,000. Mkoa wa kwanza una wazee 30,000: wagonjwa 15 wazee na 19 wengine, jumla 34, yaani 3.4 kwa 100,000. Wa pili una wazee 200,000: wagonjwa 100 na 16, yaani 11.6. Hatari ni ileile, ila kiwango ghafi, yaani kabla ya kusawazisha umri, kimezidi mara tatu. Ili kulinganisha, kila kundi la umri hupewa uzito kutoka jamii moja ya kigezo. Katika kigezo cha dunia kinachotumika sana, cha mtafiti Mjapani Segi, wenye miaka 65 na zaidi ni asilimia 7. Zidisha: 0.07 × 50 + 0.93 × 2 = 5.4, kwa mikoa yote miwili. (Kazini hutumika makundi ya miaka mitano mitano, si mawili.)

Hata baada ya kusawazisha, Afrika Mashariki hubaki chini ya 5, wakati wanaume wa Asia Mashariki hupita 40. Uvutaji sigara, ambao kwetu umekuwa mdogo hasa kwa wanawake, unaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine ni wagonjwa wasioonekana. Mtu anakohoa damu, eksirei ina kivuli, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Miezi inapita, anafariki kabla hajachukuliwa kinyama cha kupima. Rejista ya saratani, yaani orodha ya wagonjwa wote wa eneo, haimpati.

Rejista nayo ina mitego yake. Mgonjwa wa Kitui anayetibiwa Nairobi anapaswa kuhesabiwa Kitui, lakini kwenye faili mara nyingi ameandikisha anwani ya ndugu aliyefikia kwake mjini. Asiporekebishwa, kiwango cha Nairobi kinapanda bure na cha Kitui kinashuka. Saratani ya titi iliyosambaa hadi mapafuni nayo hubaki saratani ya titi. Karani akisoma "uvimbe mapafuni" tu na kuandika C34, msimbo wa saratani ya mapafu, amezalisha mgonjwa wa mapafu asiyekuwepo.

Kwa kaunti au wilaya moja, usiamini namba ya mwaka mmoja: wagonjwa 4 mwaka huu na 8 mwakani huenda ni bahati tu. Unganisha miaka mitatu hadi mitano. Kisha, kwenye jedwali la rejista, tazama safu ya asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa kwa hadubini. Ikiwa ndogo mno, utambuzi ni wa kubahatisha. Ikikaribia 100 usifurahi pia: yaelekea rejista inakusanya kutoka maabara peke yake, na waliofia wodini au nyumbani bila kipimo hawamo.