Tabianchi na siasa: acheni kusingizia shule

Juzi tena, kwenye semina hapa Mbeya, msomi mzima kasimama: Wamarekani wanaokana kwamba tabianchi inabadilika hawana elimu, na wakulima wetu wakielimishwa wataelewa. Makofi ukumbi mzima. Jamani!

Kazi yangu ni kupima maoni ya watu. Mwaka 2012 Dan Kahan na wenzake walichapisha utafiti wao wa Marekani: waliotofautiana zaidi kuhusu hatari ya tabianchi ni wale waliokuwa hodari wa sayansi na hesabu. Mwenye akili kali huitumia kutetea kambi yake ya kisiasa.

Na kambi zenyewe si za tangu enzi. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, mhafidhina wa kupindukia na mkemia kwa kusomea, alitoa onyo kuhusu tabianchi kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Rais wa Marekani George H. W. Bush, wa chama cha kihafidhina cha Republican, ndiye aliyesaini mkataba wa tabianchi mwaka 1992. Ugomvi ulipamba moto ilipoanza kuulizwa nani alipe: wenye makaa ya mawe, wenye viwanda, au mwenye gari? Viongozi wakageuka, wafuasi nao wakageuka. Nani alimvuta mwenzake? Mimi naegemea kwa viongozi, ila siwezi kuapa.

Sasa tushuke Usangu, bonde la mpunga na mifugo hapa Mbeya, maana hapa ndipo ninapokereka hasa. Mto Ruaha Mkuu, unaopita humo, ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990. Ukiuliza sababu, mkulima wa mpunga atakutajia ng'ombe, mfugaji atakutajia mifereji ya mpunga, na ofisa atakutajia tabianchi au hao wawili, inategemea kaja na nani. CCM na CHADEMA hawamo kabisa. Kilichomo ni nani ataambiwa afungashe virago ahame, na wafugaji walihamishwa kweli, 2006 na 2007. Aliyeona hayo, akiulizwa kuhusu tabianchi, hajibu kuhusu mvua tu. Anapima kwanza jibu lake litamhamisha nani.

Halafu kuna huyu mfugaji anayekwambia, "Tabianchi gani? Maji yanaishia mashambani." Watafiti wengi wa maji waliochunguza bonde lile wametaja hichohicho: maji ya kiangazi kuchepushwa kwenye mifereji kabla hayajafika Ihefu, kinamasi cha bonde hilo. Kwa mto ule, mzee yuko karibu na sayansi kuliko mtoa mada wetu. Lakini dodoso la maoni kuhusu tabianchi lina visanduku viwili tu, anaamini na haamini. Mzee anatiwa cha pili, kisha anaandikiwa mafunzo ya siku tatu.