Mapigo ya moyo si presha

Jirani yetu, bibi wa miaka 65, aliletewa na mwanawe kile kimashine cha kupimia presha, cha kufunga mkononi. Jioni hiyo nyumba nzima ikapimwa. Mzee alitoa 68, bibi mwenyewe 76, mjukuu wa miaka 6 akatoa 104. Bibi akaja kwangu mbio na kimashine chake: "Mwanangu, huyu mtoto ana presha kutushinda wote! Na mimi namzidi mzee." Nikamwomba anioneshe alikuwa anasoma wapi. Alikuwa anasoma namba ya chini kabisa, ile yenye kamoyo kadogo kanakowakawaka pembeni.

Hayo ni mapigo ya moyo, yaani mara ngapi moyo unajikunja kusukuma damu kwa dakika moja. Presha ni nguvu ya damu inavyozibana kuta za mishipa, na ndiyo maana inaandikwa kwa namba mbili, ya moyo ukijikunja na ya moyo ukilegea. Mtu anaweza kukaa barazani anakunywa chai, moyo unapiga 70 taratibu kabisa, na presha yake iko 180 kwa 110.

Kinachonikera ni kwamba maneno tunayo. Pwani wanasema kupwita: jipu linapwita, mshipa wa shingo unapwita. Wengine husema moyo unadunda, na sote tunaelewa. Presha tuliiokota kwenye Kiingereza, kisha wataalamu wakatupa shinikizo la damu, neno lenye undugu na kushindika, kama ufuta unavyobanwa kinuni mpaka utoe mafuta. Mtu akishaiona picha hiyo hawezi kuchanganya kubana na kudunda. Lakini mtaani presha imemeza kila kitu. Mkopo ukichelewa kulipwa ni presha, penalti ya dakika ya 90 ni presha, na ukipanda ngazi moyo ukaenda mbio, nayo ni presha. Halafu mtu anafika zahanati anasema "nina presha", inabidi muuguzi aanze kuuliza upya anaumwa nini.

Turudi kwa mtoto. Moyo wake ni mdogo, kila pigo linatoa damu kidogo, na mwili wake unakula nguvu nyingi kwa kimo chake, basi fidia yake ni kupiga haraka. Kichanga kinaweza kupiga kati ya 100 na 160 na kiko salama. Kadiri anavyokua mapigo yanashuka, na akishabalehe anaingia kwenye kipimo cha mtu mzima, 60 hadi 100 akiwa ametulia. Kwa hiyo 104 ya yule mjukuu, aliyetoka kukimbiza kuku uani, haina neno. (Presha yake ndiyo isingeaminika, kwa sababu ule mkanda wa watu wazima ulikuwa unampwaya.)

Bibi kumzidi mzee ni hesabu ileile. Kwa wastani moyo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume, hivyo huongeza mapigo machache kwa dakika ili damu itoshe. Mjamzito huongeza mengine 10 hadi 20. Ila kipimo cha 60 hadi 100 ni kimoja kwa wote. Na wale wanaosema mimba ikipiga zaidi ya 140 ni mtoto wa kike, waache: 110 hadi 160 ni kawaida ya mimba yoyote.

Uzee nao unasingiziwa. Mtu akiwa ametulia, miaka haibadilishi sana mapigo yake. Kinachoshuka ni kilele, yaani kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufika ukikimbia. Ile kanuni ya 220 kutoa umri, inayobandikwa kwenye kuta za jimu, inahusu kilele hicho tu, na ni ya kukadiria. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago walipendekeza ya wanawake: 206 kutoa asilimia 88 ya umri. Mwanamke wa miaka 50 anapata 162 badala ya 170. Nimeshamwona mtu akitoa umri wake kwenye 220 kisha akashangaa mbona akiwa kitandani hafikishi 160. Angefikisha amelala, tungekuwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Bibi nilimwekea vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, tukahesabu pamoja nusu dakika, tukazidisha kwa mbili. Tukapata 76, sawa na kimashine. Nikamwambia: hii, bibi, iite mapigo. Presha ni zile mbili za juu, na zako ni 148 kwa 92, ambazo hukuniambia kabisa.