Alama ya kiwanda kwenye senti za tundu ni nini?

Alama ya kiwanda ni herufi ndogo, moja au mbili, inayoonyesha sarafu ilipigwa wapi. Kwa anayekusanya zile senti za shaba za East Africa zenye tundu katikati, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Mwingereza, na Zanzibar kuanzia 1936, herufi hiyo ndiyo inayofanya ndururu mbili za mwaka mmoja zihesabiwe kuwa sarafu mbili tofauti.

Chukua senti kumi ya 1936. Ina upana wa milimita 30 hivi, na pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Kichwa cha mfalme hakipo, maana tundu limekaa pale ambapo kingechorwa. Kuna taji na jina tu. Soma jina hilo. Likiwa EDWARDVS VIII, umeshika sarafu ya mfalme aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huohuo, akang'atuka. Uingereza kwenyewe haikutoa rasmi sarafu yenye jina lake kwa matumizi ya watu wake, lakini huku kwetu zilinunua chumvi na viberiti. Kwangu mimi hiyo ndiyo sarafu tamu kuliko zote za enzi hiyo, na wala si ghali.

Sasa igeuze pande zote mbili kwa lenzi. Ukiona H, ilipigwa na kiwanda cha Heaton. KN ni kiwanda cha King's Norton, na vyote viwili vilikuwa Birmingham, Uingereza. Isipokuwa na herufi, imetoka London. Kwa hiyo senti kumi ya Edward peke yake inakupa sarafu tatu za kutafuta. Miaka ya Vita Kuu ya Pili ziliongezeka SA ya Pretoria na I ya Bombay. Za mwisho, za 1964, hazina jina la mfalme wala malkia.

Herufi zenyewe ni nyembamba na hufutika upesi, ndiyo maana nakusihi usiisugue sarafu kwa ndimu, majivu wala dawa ya kung'arishia. Ule utandu wa kahawia uliojengeka kwa miaka ukishatoka haurudi, na mnunuzi anayejua ataitambua mara moja. Ikiwa na udongo, ioshe kwa maji safi, ikaushe vizuri, uiweke kwenye bahasha ya karatasi. Vifuko laini vya plastiki ya PVC huiachia ukungu wa kijani unaoila shaba.