Modo wa kwenye picha si mtu aliyepimiwa hiyo nguo

Chini ya picha ya gauni kwenye duka la mtandaoni mara nyingi pana mstari mdogo ambao wengi huupita: "Modo ana urefu wa sm 177, amevaa saizi S." Mimi huanzia hapo. Kazi yangu ni kuchora patani, zile karatasi anazolaza fundi juu ya kitambaa kabla mkasi haujapita, na watu huniita hasa nguo inapogoma: kwenye picha ilipendeza, saizi imeagizwa ileile ya siku zote, imefika na haivaliki. Naikagua, na mara nyingi naikuta haina kasoro yoyote. Imeshonwa sawasawa, ila kwa mwili mwingine.

Wanunuzi hawaambiwi kwamba nguo ya kiwandani hupitia miili miwili kabla ya kuwafikia. Wa kwanza ni wa mtu wa kupimishia. Huyu humwoni popote. Kampuni humwajiri kwa sababu vipimo vyake vinalingana na jedwali lao la saizi. Nguo ya kwanza hushonwa juu yake, naye hukaa, huinama, hunyanyua mikono na kusema kwapa linabana au shingo inakaba. Akishakubali, saizi nyingine zote hupatikana kwa hesabu: unaongeza inchi moja kwa kila saizi kwenye saizi ndogo, inchi moja na nusu au mbili ukishafika kwenye saizi kubwa. Mwili wa pili ni wa modo wa picha. Huyu huchaguliwa na watu wengine kabisa, watu wa matangazo, nao wana yao wanayoyatafuta: urefu, shingo ndefu, mabega mapana yanayobeba nguo kama henga. Ni nadra wawili hawa kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo unatazama nguo iliyokatwa kwa mwili mmoja, imevalishwa mwili wa pili, nawe ni wa tatu.

Sasa njoo nyuma ya modo, upande ambao kamera haiuoni. Mbele gauni limemkaa barabara, kiuno kimechorwa. Mgongoni kitambaa cha ziada kimekusanywa na kubanwa kwa vibanio kuanzia chini ya mabega hadi kiunoni, na wakati mwingine pini zimeshikilia hadi makalioni. Hakuna aliyeona haya. Ndivyo kazi hiyo inavyofanyika duniani kote, maana sampuli hutoka kiwandani kwa saizi moja na modo ni mwembamba kuliko sampuli. Kuna dalili za kuitambua. Tazama mshono wa ubavuni: ukiuona umesogea mbele au haupo kabisa pale unapopaswa kuwa, ujue kitambaa kimevutwa nyuma. Kama nguo ina mistari au maua, angalia yanavyopinda karibu na mbavu. Na ukiona gauni limebana kiunoni huku tundu la mkono linapwaya, huo kwa kawaida si mkato, ni vibanio.

Hayo ni ya studio. Kinachowasumbua zaidi wasomaji wangu wa huku kwetu ni nyonga, au hipsi kama tunavyosema mezani kwa fundi.

Majedwali mengi ya saizi za Ulaya na Marekani huweka tofauti ya kama inchi 10 kati ya kiuno na nyonga: kiuno 28, nyonga 38, kiuno 30, nyonga 40. Modo wa picha huwa na tofauti hiyohiyo au pungufu. Sasa chukua mteja mwenye kiuno cha 29 na nyonga za 43. Tofauti yake ni inchi 14. Jinzi ya kumtosha nyonga ni ile ya kiuno cha 33, na atakapoifunga kifungo patabaki uwazi wa inchi 4 nyuma ya mgongo, unaingia ngumi. Akichukua ya kiuno chake, haipiti mapajani. Mwanamke huyu hana mwili wenye shida. Yupo kila mtaa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Ila jedwali halikumfikiria, na picha ya modo haiwezi kumwonyesha kitakachotokea, kwa sababu mwili wa modo hauna hiyo tofauti ya kuonyesha.

Majedwali yenyewe yana historia yake. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, vipimo 59 kila mmoja, ili viwanda vipate saizi za pamoja. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1941, na vipimo vilivyoingizwa kwenye hesabu ya mwisho vilikuwa vya wanawake weupe tu. Kiwango rasmi cha saizi kilichotokana nayo kilitolewa mwaka 1958 na kuondolewa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni inajipangia. Hata huko kwao umbo la kwenye matangazo si la wengi. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, uliotangazwa mwaka 2005 na kuhusu wanawake zaidi ya 6,000 wa Marekani, uliwakuta wenye kifua na nyonga zinazolingana, na kiuno kilichoingia, kuwa asilimia 8 tu. Karibu nusu walikuwa na umbo lililonyooka, kiuno hakijaachana sana na nyonga. Kwa hao, lile gauni la mkanda kiunoni nalo linakuja na kasheshe yake.

Ushauri wangu kwa mwenye nyonga umekuwa uleule: nunua kwa kipimo cha nyonga, kiuno mwachie fundi. Kupunguza kunawezekana, kuongeza karibu hakuna, kwa sababu viwanda huacha sentimita moja hivi ya kitambaa ndani ya mshono, na hapo hupati kitu cha kuachia. Lakini hata kupunguza kuna mwisho. Jinzi hupunguzwa katikati nyuma. Ukivuka inchi mbili hivi, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana mpaka inakaribia kugusana, na nguo inaonekana imetengenezwa upya. Zikizidi inchi mbili, muulize fundi kama yuko tayari kufumua mkanda wote na kupunguza pia ubavuni. Akisita, tafuta suruali ya mpira kiunoni, au yenye kitambaa kinachovutika kwa kweli. Sketi na gauni la chini pana havina ugomvi huu. Hapo nyonga inapata nafasi na unaweza kufuata kiuno chako.

Kwa blauzi na koti kanuni hugeuka. Unanunua kwa bega na kifua. Patani nyingi za wanawake hukatwa kwa kifua cha wastani, sidiria ya kikombe B, na modo huwa nacho kidogo kuliko hapo. Mwenye kifua kikubwa ataona mambo mawili ambayo picha haikumwonyesha: vifungo vinavyoachana katikati, na pindo la mbele linalopanda juu kuliko la nyuma.

Urefu nao una hesabu yake. Modo wa sm 178 ana kama sm 110 kutoka kiunoni hadi sakafuni. Wewe wa sm 158 una kama 97. Sketi ya sm 80 kwake inaishia sm 30 kutoka chini. Kwako inaishia sm 17. Yeye kavaa pia viatu virefu, ongeza nane. Ile sketi uliyoiona inaishia katikati ya muundi kwako inakaribia vifundo vya miguu, na umbo zima la nguo limebadilika. Pindo linakatwa, hilo ni dogo. Kubwa ni mahali kiuno cha gauni kilipowekwa. Mtu mrefu ana kiwiliwili kirefu pia, kwa hiyo gauni lenye mshono kiunoni, akilivaa mfupi, mshono unamshukia juu ya nyonga na kitambaa kinajikunja mgongoni. Hilo fundi atalirekebisha akifumua juu na chini, na gharama yake inakaribia kushona jipya.

Ndiyo maana napenda namna abaya na kanzu zinavyouzwa. Namba ni urefu wa nguo kwa inchi: 54, 56, 58, 60. Unajipima kutoka begani hadi unapotaka pindo liishie, unaagiza kutoka Dubai au Muscat bila kumtazama modo mara mbili. Upana wa kifua na mkono bado ni wa kuuliza, ila neno "saizi" hapo lina maana moja na inapimika.

Kuhusu maduka yanayotangaza saizi kubwa, usikimbilie kufurahi ukimwona modo mnene. Wengi wao nao ni warefu, tumbo bapa, kiuno kimeingia. Wapo waliosema hadharani kwamba huwekewa sponji nyongani na kifuani ili wajaze nguo. Kwa mwenye tumbo mbele, picha ya huyo haina habari zaidi kuliko ya modo mwembamba. Tena pale ambapo kampuni huhama kutoka saizi za kawaida kwenda saizi kubwa, kwa Marekani kwenye 14 na 16, mara nyingi patani ya msingi na mtu wa kupimishia hubadilika, na mnunuzi wa katikati huangukia kwenye ufa. Good American, kampuni ya nguo ya Marekani, iliingiza saizi 15 baada ya kuona nguo nyingi zinarudishwa na wateja wa eneo hilo. Huo ni uamuzi wa mtu anayesoma vocha za marejesho, nami nauheshimu kuliko tangazo lolote la "kila mwili ni mzuri".

Teknolojia imejaribu kuingilia kati. Mwaka 2022 Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilianza kumruhusu mteja achague modo anayefanana naye kati ya 50, kuanzia saizi XS hadi XXXL, kwa mfumo wa Zeekit, kampuni ambayo Walmart ilikuwa imeinunua mwaka mmoja kabla. Google ikafuata mwaka 2023 na picha zinazotengenezwa na akili mnemba, kuanzia XXS hadi 4XL. Ni hatua, hasa kwa kuona shingo ya V inakaaje kwenye kifua kama chako. Lakini elewa inachofanya: inachukua picha ya nguo na kuichora juu ya picha ya mtu. Haijaishika nguo, haijui kitambaa kinavutika kiasi gani, haijui mshono wa paja una inchi ngapi. Itakuonyesha suruali imekukaa vizuri kwa sababu imechorwa ikae vizuri.

Kinachonisaidia zaidi ni kitu cha bure: picha za wateja wenyewe. Kwenye Shein, kwa mfano, wanunuzi wengi huandika urefu wao, kifua, kiuno na nyonga pamoja na saizi waliyochukua. Kosa ninaloliona ni watu kutafuta mwenye kilo kama zao. Kilo hazisemi zimekaa wapi. Tafuta mwenye tofauti ya kiuno na nyonga inayokaribia yako, hata kama ni mkubwa au mdogo kwako kwa saizi mbili. Nguo ikimpwaya kiunoni yeye, itakupwaya na wewe. Kisha tazama picha aliyopigwa kwa pembeni au akiwa amekaa. Mtu aliyekaa husema ukweli kuhusu suruali.

Hili lina uzito kwetu kwa sababu kurudisha nguo ni mtihani. Ukiagiza kupitia wakala, mzigo ukishapanda ndege au meli habari imekwisha. Utaiuza kwa mdogo wako au utaipeleka kwa fundi. Na kuna maduka mengi ya Instagram ambayo picha si yao: imechukuliwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa China, au wa kampuni kubwa ambayo nguo yake imeigwa na karakana nyingine kwa kitambaa kingine. Hapo modo hana uhusiano wowote na nguo utakayoletewa. Omba video ya nguo yenyewe ikiwa mkononi mwa muuzaji. Anayo mzigoni? Atakutumia. Akikujibu "ipo kama ilivyo kwenye picha dear", mimi huishia hapo.

Wauzaji mnaosoma hapa, najua kulipa modo wawili ni gharama. Mkiweza wawili, msichukue mwembamba na mnene wa umbo lilelile. Chukueni mwenye nyonga na asiye nazo, hata wawe saizi moja. Mkishindwa, lazeni nguo mezani, mpime kiuno, nyonga sm 20 chini ya kiuno, paja, na urefu wa ndani wa mguu, muandike chini ya picha kwa sentimita. Msipime ikiwa juu ya mdoli. Wale madoli wa nyonga pana waliojaa mbele ya maduka hukivuta kitambaa mpaka kikomo, na mteja anasoma namba ya kitambaa kilichovutwa akidhani ndiyo nafasi atakayopata. Na kama kitambaa kinavutika, kishike sm 10, kivute, andika kinafika ngapi bila kuumia.