Ardhi ya kijijini Sumba, na kwa nini nilimshauri mteja wangu apange

Mara ya kwanza niliposhika hati ya ardhi ya Indonesia, kijitabu chenye jalada la kijani, nilijidanganya kwamba ningeisoma bila mkalimani. Ilikuwa imeandikwa "Hak Milik", na sisi tunaosema Kiswahili tuna haki na tuna miliki; tumeziunganisha tukapata hakimiliki, ingawa siku hizi tumewaachia zaidi waandishi na wanamuziki. Wenyeji nao walitaja waris, ambao ni warithi wetu, izin, ambayo ni idhini, na kila baada ya dakika mbili walisema adat, ambayo ni ada, yaani desturi. Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita kwetu. Udugu huo wa maneno uliniponza, kwa kuwa ulinifanya nione hati ile kama mwisho wa habari, ilhali kijijini Sumba hati huwa ni neno la mtu mmoja katika kikao chenye wasemaji wengi.

Nayasema haya kwa sababu ya mteja mmoja, Mtanzania anayefanya kazi Ghuba, aliyeona tangazo la kiwanja cha ufukweni huko Sumba kilichonadiwa kuwa katika "Bali ijayo", Bali ikiwa kile kisiwa cha Indonesia kinachojaa watalii. Kazi yangu ni umiliki wa ardhi za vijiji. Nimeshughulikia hati za kimila nyumbani kwa miaka mingi, na nimekaa Sumba kwa vipindi viwili nikifuatilia upimaji. Aliniuliza swali fupi: anunue au asinunue?

Sumba ni kisiwa cha takriban kilometa za mraba 11,000 katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur, kusini mwa kisiwa cha Flores, na ndege kutoka Denpasar, mji mkuu wa Bali, hufika Tambolaka kwa muda wa kama saa moja. Baada ya hapo ni barabara ya kuelekea Kodi, upande wa magharibi, kupitia mashamba ya mahindi, mihogo na mikorosho. Ndiyo, mikorosho, mtu wa Mtwara angeshuka garini akaanza kuulizia bei ya msimu. Kiangazi ni kirefu, mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Machi, malaria ipo, na katika vijiji vingi vya pwani maji bado hubebwa kwa madumu, kazi inayowaangukia wanawake na watoto. Anayepanga kuhamia huko aanze na maji kabla ya kuuliza habari za intaneti.

Nyumba za kijiji cha asili, ambazo watalii huzipiga picha, zina paa la nyasi linalopanda juu kama mnara. Nguzo kuu ni nne, jiko liko katikati, nguruwe na kuku hukaa chini ya sakafu, watu hukaa katikati, na juu kabisa, ndani ya mnara, ni mahali pa mizimu na pa kuhifadhia mbegu na vitu vitakatifu vya ukoo. Moshi wa jiko hupanda humo na kuzikausha nyasi zisioze wala kuliwa na wadudu. Moshi huohuo, na moto unaouzalisha, ndio hatari yake kubwa: mnamo Oktoba 2017 Kampung Tarung, kijiji cha kale kilichopo katikati ya mji wa Waikabubak, kiliungua na nyumba nyingi zikateketea. Mthamini yeyote angetamani kuandika thamani ya nyumba ya namna hiyo, lakini kalamu yake haina pa kuanzia, kwa kuwa nyumba hiyo haiuzwi. Ni mali ya kabisu, yaani ukoo, na wanaoishi ndani yake huilinda kwa niaba ya waliolala katika makaburi ya mawe makubwa uani. Kinachouzwa ni ardhi ya nje: mashamba, malisho, na hasa ufukwe, ambao mababu hawakuuthamini sana kwa kuwa mahindi hayaoti mchangani.

Sasa sheria. Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya mwaka 1960 inampa Hak Milik raia wa Indonesia peke yake, ukiacha taasisi chache zilizoruhusiwa. Mgeni akiipata kwa urithi au kwa ndoa, ana mwaka mmoja wa kuiachia. Anachoweza kupata mwenyewe ni haki ya kutumia, Hak Pakai, akiwa na kibali cha ukaazi, na kampuni yake inaweza kupata haki ya kujenga, Hak Guna Bangunan. Kwa kanuni za mwaka 2021, haki hizo juu ya ardhi ya serikali hutolewa kwa miaka 30, huongezwa 20, kisha huhuishwa kwa 30 mingine. Lakini kampuni ya kigeni hutakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, na kwa kawaida ardhi na majengo havihesabiwi humo. Msomaji wa Tanzania hatashangaa, maana kwetu pia asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamwekea mgeni ukomo wa miaka 99 ya upangaji.

Madalali wana njia yao ya mkato: tafuta mwenyeji, hati iandikwe jina lake, naye akusainie mkataba wa pembeni kwamba mali ni yako. Nawasihi wenzangu waikimbie njia hiyo. Kifungu cha 26 cha sheria ileile kinaubatilisha mpango wa aina hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliwaelekeza majaji kwamba mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limo katika hati, hata kama fedha zilitoka kwa mwingine. Dalali hukuambia kwamba kila mtu hufanya hivyo, na hapo hasemi uongo.

Lakini tuseme umeifuata sheria yote. Bado hujafika kwa wazee.

Nilikipitia kiwanja kile cha tangazo pamoja na wazee watano na kijana wa ofisi ya kijiji. Bei ilikuwa imetajwa kwa are, kipimo cha mita za mraba 100, kama wanavyouza Bali. Nilikuwa na kifaa cha GPS mkononi na haraka moyoni, nikaanza kuuliza mpaka uko wapi. Hakuna aliyenijibu. Mzee mmoja aliutandika mkeka, akaweka kikapu kidogo, akatoa popoo, chokaa, na tambuu, ambayo kwao si jani bali ni kitunda kirefu chembamba cha mmea uleule. Tulitafuna, nikatema mate mekundu kama bibi yangu wa Pangani, ndipo mazungumzo yakaanza. Mpaka wa kaskazini, walisema, ni ule mti wa mvumo. Wa mashariki ni kaburi. Kaburi la nani? Hapo wakatazamana. Wawili walitaja jina moja, watatu jina lingine, na majina hayo yalikuwa ya kabisu mbili tofauti. Muuzaji aliyetajwa katika tangazo alikuwa wa moja kati ya hizo, na ndugu yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Bali, hakuwa na habari kwamba ardhi inauzwa.

Hati ya kiwanja hicho ilikuwepo, safi kabisa, iliyotolewa katika mpango wa serikali wa kupima ardhi kwa wingi. Siupuuzi mpango huo. Lakini kasi yake hulifanya jina la aliyekuwepo siku ya upimaji ligeuke kuwa jina la mwenye mali, na wasiokuwepo hujitokeza pale mnunuzi anapoanza kumwaga msingi. Kuna pia wale ambao serikali haikuwaona vizuri. Hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2017 kwamba imani za jadi ziandikwe katika vitambulisho, ndoa nyingi za waumini wa Marapu, dini ya asili ya Sumba, hazikusajiliwa, na mtoto ambaye ndoa ya wazazi wake haikusajiliwa hupata taabu kuthibitisha kwa karatasi kwamba yeye ni mrithi.

Wanaodhani migogoro hii huishia kwenye maneno waikumbuke Patiala Bawa, pwani ya kusini ya Sumba Magharibi. Ardhi ya huko ilichukuliwa na kampuni katika miaka ya 1990 kwa ajili ya utalii, na wanakijiji wakaendelea kudai. Mnamo Aprili 2018, katika upimaji uliosimamiwa na polisi, mwanakijiji mmoja aliuawa kwa risasi.

Kuhusu faida, nina shaka na hesabu za matangazo. Kanuni ya rais ya mwaka 2016 inataka angalau mita 100 kutoka alama ya maji kujaa ziachwe wazi, kwa hiyo sehemu nzuri zaidi ya kiwanja kinachonadiwa kuwa "kinagusa bahari" huenda isijengeke. Hoteli moja ya kifahari iliyofanikiwa haifanyi pwani nzima iwe na soko, na siku utakapotaka kuuza, mnunuzi wako atakuwa mgeni mwenye vikwazo vilevile ulivyokuwa navyo.

Kwa hiyo nilimwandikia mteja wangu apange. Apangishiwe na ukoo wenyewe, kwa miaka isiyozidi kumi, mkataba uandikwe kwa Kiindonesia mbele ya mthibitishaji wa hati, wasaini wazee wa kabisu zote mbili na yule ndugu wa Bali, na pango lilipwe mwaka kwa mwaka badala ya mkupuo. Ajenge kitu ambacho hatalia akikiacha. Alinijibu kwamba kwa masharti hayo angepata nyumba Bagamoyo. Nikamwambia atume ramani ya kiwanja cha Bagamoyo, tukiangalie nacho.