Zatoichi hakuwa samurai

Kila ikitajwa Zatoichi, yule mhusika wa muvi za Kijapani, lazima mtu aseme "yule samurai kipofu". Hapana jamani, Ichi sio samurai, yaani askari wa tabaka la juu wa Japani ya zamani, hajawahi kuwa. Angalia muvi ya kwanza kabisa, ya 1962, nyeusi na nyeupe, Kenji Misumi ndo dairekta na Shintaro Katsu ndo Ichi. Jamaa ni raia wa kawaida anayekanda watu misuli ili ale, halafu ni mcheza kamari na anatembea na magenge. Zama za hadithi hiyo kutembea na panga mbili kiunoni ilikuwa haki ya samurai, huyu wake kauficha ndani ya fimbo ya kutembelea.

Cheki ile sini ya dado, wanabashiri shufwa au witiri, Ichi anafunika kikombe lakini dado zinaonekana ziko nje, basi wahuni wanajua kipofu hajashtuka wanaweka hela zote kwa tamaa, kumbe anaziokota anasema samahani hizo zimedondoka kwenye mkono wa nguo yangu, anafunua kikombe dado zenyewe ziko ndani! Ujanja wa mtaani huo, na mi ndo napenda kuliko hata mapigano.

Samurai yupo lakini ni mwingine, Hirate, mgonjwa wa kifua kikuu aliyekodiwa na bosi wa genge la Sasagawa, wakati Ichi yuko kwa Sukegoro, bosi wa genge la Iioka. Hayo magenge mawili yalikuwepo kweli na yalipigana kweli mwaka 1844, ila Ichi mwenyewe ni wa kutungwa.